Vitone Vinavyoitikia Sauti: Jaribio la Bomba la Sindano Jikoni Lamu

Asalaam alaykum ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo tuko Langoni, jikoni kwa shangazi, na amenipa nusu saa tu kabla hajabandika sufuria. Wengi mmeniuliza: hii altrasaundi tunayopigwa kutazama mtoto tumboni, yaweza kutibu pia? Altrasaundi ni sauti, ila ya juu mno sikio haliisikii, na watafiti wanajaribu kutia kwenye damu vitone vidogo sana ambavyo sauti hiyo huvigeuza kuwa viputo vya gesi, kwa picha na kwa tiba. Badala ya kuhubiri, tutalitazama jambo lenyewe kwa nazi, soda na bomba la sindano.

Andaa nazi moja, mbuzi na kifumbu, soda baridi, puto la watoto, maji ya moto, na bomba jipya la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano. Kofia ndogo ya kuziba mdomo wake ukiipata, bora zaidi.

Haya, tuanze na nazi. Ikune, itie maji ya vuguvugu, ikamue, chuja. Twataka tui zito. Litie kidogo kwenye gilasi uliinue dirishani. Mwauona weupe ule? Si rangi. Mafuta ya nazi kwa joto letu hili ni maangavu, na maji ni maangavu. Weupe ni matone ya mafuta yasiyohesabika yaliyotawanyika majini, kila moja likirusha nuru upande wake. Protini za nazi zimelivika kila tone kanzu, ndiyo maana hayaungani papo hapo. Liache mpaka jioni, lile zito litapanda juu.

Vile vitone vya altrasaundi hutengenezwa kwa mtindo huohuo. Mahali pa mafuta ya nazi pana kiowevu cha kaboni na florini, na kimojawapo kinachotumika sana ni pafluropenteni. Ni kizito kuliko maji, kwa hiyo vitone vyake vikiachwa huzama. Kanzu yake ni ya lipidi, yaani aina ya mafuta, au protini, na upana wake waweza kuwa nanomita 200 hivi. Unywele mmoja wa kichwa hupita nanomita 50,000.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Pafluropenteni huchemka kwenye nyuzi 29. Damu yako ina nyuzi 37. Chupa yake ukiiacha wazi mezani hapa mchana wa Februari, itakuwa mvuke yote. Basi kwa nini vile vitone vikiingia kwenye damu hubaki majimaji?

Chukua puto ulipulize. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, sivyo? Likishatanuka kidogo, linalegea. Tone nalo lina ngozi inayolibana, na kadiri tone lilivyo dogo ndivyo inavyobana zaidi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili iko kwenye soda. Mimina polepole kwenye gilasi safi, ngoja povu litulie, kisha dondosha chembe chache za sukari. Mwaona viputo vinavyotoka kwenye chembe? Gesi ilikuwemo muda wote, ilikosa pa kuanzia. Msinilaumu, walimu wa fizikia: najua soda ni gesi iliyoyeyuka, haichemki. Nachukua hilo la kukosa pa kuanzia tu. Kitone kisafi, kidogo, hakina chembe ndani yake, kwa hiyo kipo kwenye joto la kukichemsha na hakichemki. Kinangoja.

Tukitikise basi. Hatua hii watoto wafanye na mtu mzima. Chemsha maji, epua, yaache dakika kumi hivi yapoe mpaka nyuzi 60 au 70. Funga kitambaa mkononi. Vuta maji robo ya bomba, elekeza mdomo juu, sukuma hewa yote itoke mpaka uone tone la maji mdomoni. Ziba kwa ile kofia, au kwa kidole kilichofungwa kitambaa kizito. Sasa vuta mpini kwa nguvu, usiuachie.

Yanachemka! Hakuna moto hapa, wala maji hayajafika nyuzi 100. Nilichofanya ni kuyapunguzia shinikizo. Nikiuachia mpini, kimya, mvuke unarudi kuwa maji. Rudieni kwa maji ya mtungi mlinganishe: itabidi uvute zaidi, na huenda ukaona viputo vichache vya hewa tu. Kama hata ya moto hayakuchemka, basi ulibakisha hewa ndani au mdomo unavuja. Mimi mara ya kwanza nilibakisha hewa, mpwa wangu anayeshika kamera akacheka video nzima.

Sauti ni huku kusukuma na kuvuta. Wimbi la altrasaundi la megahezi moja hugandamiza na kulegeza mara milioni moja kwa sekunde. Likiongezwa nguvu vya kutosha, katika ile nusu ya kulegeza kitone kinashindwa kujizuia, kinakuwa gesi. Upana wake huongezeka mara tano hivi, kwa hiyo ujazo wake mara mia na zaidi. Na kwa kuwa wimbi laweza kulengwa, vitone vya mahali unapotaka hufunguka, vya kwingine vikaendelea na safari. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kazi ya kugeuza matone kwa njia hii, kwa ajili ya picha na ya tiba.

Mbona tuhangaike na gesi? Waulizeni wavuvi wenye mashine ya kutafutia samaki. Mwangwi mkubwa haurudishwi na nyama ya samaki bali na kibofu chake cha hewa. Papa hana kibofu hicho, ndiyo maana huonekana hafifu. Madaktari waliligundua hilo kwenye moyo: mwaka 1968 Gramiak na Shah, huko Marekani, waliona mwangwi ukiwaka walipopiga sindano ya kiowevu chenye viputo. Leo viputo vya kupaka damu nuru vinatumika hospitalini katika nchi nyingi. Vina upana kama wa chembe nyekundu ya damu au pungufu, hukaa dakika chache, kisha gesi yake hutoka kwa pumzi.

Kiputo ni kama punda wa hapa mtaani. Apita vichochoro vyote, lakini mlango wa nyuma wa nyumba hauwezi. Kitone ni paka. Mishipa ya uvimbe wa saratani mara nyingi huvuja, ina nyufa, na kitone chaweza kupenya hapo. Kikishaingia ndani, sauti inamgeuza paka kuwa punda. Shangazi asema mfano huu ni wa ovyo, mimi naupenda.

Kwenye tiba, kitone chaweza kubeba dawa ikaachiliwa palepale. Kiputo kilichozaliwa kikitetema husukuma ukuta wa mshipa ukafunguka kidogo, au kikaziba mshipa unaolisha uvimbe. Nguvu ikizidi, mishipa hupasuka na damu kuvuja, kwa hiyo kipimo ndicho kila kitu. Mashine za kawaida za picha Marekani zimewekewa kikomo cha 1.9 kwenye kielezo cha kimakanika, namba inayoonyesha wimbi lina nguvu gani ya kutikisa viputo mwilini, kwa ajili ya hatari za aina hiyo. Binafsi naona picha itatangulia dawa, kwa sababu nyufa za uvimbe kwa binadamu hazilingani: wa huyu unavuja, wa yule hauvuji.

Kwa hiyo usiende hospitali ya kaunti kesho ukadai vitone. Kwa sehemu kubwa bado viko kwenye maabara na majaribio. Na mtu akikuuzia kichupa, mwachie nacho.

Bomba lako likishapoa, liandike "jaribio" kwa wino usiofutika lisichanganywe na la dawa ya mtoto. Soda kanywe. Tui halikutiwa kitu, na shangazi ameshanyoosha mkono: leo kuna samaki wa kupaka.