Kebo ya Spidomita Isiyojulikana: Anzia Kwenye Ncha

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi, mafundi wa Ngamiani hapa Tanga na wenye magari ya zamani mliofika. Mada yetu ni kebo ya spidomita iliyokutwa kwenye boksi la vipuri, haina lebo, na hakuna anayejua ilitoka gari gani. Wengi wetu huikunjua, tukaipima urefu, tukaamua. Naomba leo tuufanye urefu uwe kipimo cha mwisho. Kebo mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa za magari yasiyohusiana kabisa, na gari la aina moja huweza kuwa na kebo ndefu au fupi kutegemea usukani uko kulia au kushoto.

Kwanza hakikisha kweli ni ya spidomita. Kebo ya choki, ya boneti au ya handibreki huvuta, hii huzunguka. Zungusha waya wa ndani kwenye ncha moja, na ncha ya pili izunguke. Waya huo umesukwa kwa nyuzi za chuma tabaka juu ya tabaka, mara nyingi una unene wa milimita 3.3 hivi, na ncha zake zimefinywa zikawa na pembe nne. Ukikuta waya mmoja mgumu, au kijipira cha chuma mwishoni, hiyo ni kebo ya kuvuta.

Inayochanganya ni kebo ya takomita, kile kipimo cha mizunguko ya injini, maana imeundwa vilevile. Lakini yenyewe huchukua mwendo kwenye injini: kwenye distribyuta, nyuma ya dainamo, au kwenye kemshafti. Kwa hiyo kwa kawaida ni fupi. Ya spidomita kwa kawaida huanzia kwenye gia boksi. Land Rover za Series huichomeka nyuma ya gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Volkswagen Beetle haigusi gia boksi kabisa: kebo yake huanzia gurudumu la mbele, ncha ikapita katikati ya kifuniko cha grisi na kuzuiwa kwa pini. Ukiona ncha yenye tundu la pini, umeshapata jibu kubwa.

Sasa ncha, na hapa tuchukue muda. Kabla ya kuosha kitu chochote kwa petroli, soma maandishi yaliyogongwa kwenye nati au kuchapwa kwenye gamba la nje, uyaandike. Wino wa zamani ukishalowa petroli hauonekani tena. Kisha chukua venia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene. Pima ncha ya pembe nne, upande hadi upande. Magari ya Marekani hutumia sana milimita 2.64, yaani inchi 0.104, nyingine hufika milimita 3.2. Ncha nyembamba kwenye tundu pana itaingia vizuri na itazunguka, lakini baada ya muda pembe zake huliwa na sindano ikaanza kucheza.

Halafu tredi za nati. Kipimo cha Marekani kina inchi 5/8 na inchi 7/8, zote zenye tredi 18 kwa inchi. Spidomita za VDO za Ujerumani hutumia M18, yaani kipenyo cha milimita 18, yenye hatua (umbali kutoka tredi moja hadi inayofuata) ya milimita 1.5. Hatari iko kati ya 7/8 na M22: ya kwanza ni milimita 22.2, ya pili 22, na kwa jicho ni ndugu pacha. Usipime kipenyo peke yake. Pima hatua tano za tredi pamoja. Tredi 18 kwa inchi zitakupa milimita 7.06, za hatua ya 1.5 zitakupa 7.5. Nati isiyo yake huingia raundi moja na nusu au mbili, kisha hukaza. Hapo ndipo fundi huleta spana, na tredi za gia boksi zikaharibika. Nati ya kebo hukazwa kwa vidole. Ikihitaji spana mapema hivyo, si yake.

Ukishajua ncha, ndipo upime urefu: gamba la nje, kutoka ukingo wa chuma cha mwisho hadi ukingo wa pili. Kwenye mfumo wa Smiths wa Uingereza waya wa ndani uchomoze kiasi cha milimita 9.5 upande wa spidomita. Ukichomoza kidogo, hauishiki spidomita; ukizidi sana, huisukuma kutoka nyuma na kuiua taratibu.

Hewa yetu ya bahari hula waya huu kutoka ndani, hivyo uchomoe wote uukague. Uviringishe juu ya meza bapa: ukirukaruka, umejikunja, na sindano itaruka vivyo hivyo. Uoshe kwa mafuta ya taa, uukaushe, upake grisi nyembamba, usitumie oili. Ukishaurudisha, uvute tena sentimita 20 upande wa spidomita ufute grisi ya juu, isije ikapanda ndani ya kipimo. Wakati wa kufunga, kona yoyote iwe na nusu kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na sentimita 5 za kwanza kutoka kwenye nati zinyooke.

Swali la mzee pale mbele: kebo mpya imeingia vizuri, lakini spidi inayosomeka si sahihi. Mzee wangu, kebo haiongezi wala haipunguzi mwendo. Raundi moja chini ni raundi moja juu. Kosa liko kwenye saizi ya tairi, pinioni ya gia boksi (kile kigia kidogo kinachozungusha kebo) au spidomita yenyewe. Fungua kebo upande wa dashibodi, bandika kipande cha karatasi kwenye waya, weka gia huru, sukuma gari mita 20 moja kwa moja, uhesabu raundi. Spidomita ya VDO iliyoandikwa W=0.975, yaani raundi 0.975 kwa kila mita, inataka raundi 19.5. Ya Smiths iliyoandikwa 1000, yaani raundi 1000 kwa maili, inataka 12.4. Hesabu ikitofautiana na hiyo, iache kebo ilipo utafute pinioni au spidomita inayolingana. Ikilingana, peleka spidomita kwa fundi wa vipimo.