Kanzu Iliyolala Kwenye Chai: Uraibu na Kazi ya Nyuma ya Pazia

Wanafunzi, na wageni wetu mliofika, asanteni kwa kunikaribisha. Nimekuja na kanzu mbili za kuvaliwa jukwaani. Hii nimeinunua juzi, nyeupe pe. Hii nyingine imetoka duka lilelile siku ileile, ila imelala usiku kucha ndani ya chai ya rangi.

Naomba taa ya mbele iwashwe. Tazameni. Ile nyeupe inawaka, macho yanakimbilia kifuani na uso wa aliyeivaa unapotea. Hii ya chai imetulia, uso unaonekana, na kanzu yenyewe inaonekana ya mtu aliyeivaa miaka. Kitambaa kiwe cha pamba, maana poliesta hainywi chai. Kilowesheni kwanza kwa maji matupu ili rangi iingie sawasawa. Chai ichujwe, la sivyo kila jani litaacha doa lake. Na mkigeuze kila baada ya muda, kisikunjamane chini ya ndoo.

Hayo sikuyasoma darasani. Alinifundisha jirani yangu, karani wa kawaida, ambaye kila Jumapili alikuwa uani kwake akitia rangi vitambaa vya batiki. Hakuwa akiuza. Alipenda tu.

Shuleni tuliita mambo kama hayo uraibu: kile unachokifanya kwa mikono yako bila kulipwa wala kutumwa. Ninalotaka kuwaambia leo ni kwamba uraibu wa watu ndio ghala la kikundi cha maigizo. Mkikusanyika kwa mchezo mpya, msiulize kwanza nani anataka kuigiza. Ulizeni nani anafungua redio mbovu ili aone ndani, nani anafuma, nani anachonga ngalawa ndogo za kuweka dirishani.

Ngalawa nazitaja kwa sababu. Ulaya watu wa jukwaani hukatazana kupiga mluzi. Husimuliana kwamba zamani mabaharia waliokosa chombo walipata vibarua vya kuvuta kamba za mapazia, wakipeana ishara kwa miluzi kama walivyozoea baharini; mluzi wa ovyo ungeweza kumwangushia mtu mzigo kichwani. Sisi wa pwani tulikatazwa mluzi usiku kwa hofu ya majini na nyoka, lakini kamba tunazijua. Aliyewahi kuvuta henza, ile kamba ya kupandishia tanga, akaona foromali, mti unaofungiwa tanga, inavyopanda na tanga lake, pazia halimsumbui.

Katika mchezo mmoja tulikuwa na kijana wa namna hiyo, mchonga majahazi madogo, kila kamba ikiwa mahali pake. Usiku wa pili aliugua, pazia likafungwa na mwingine. Ulipofika wakati wa kulifungua, fundo lilikuwa limekaza kama jiwe. Nilipiga magoti gizani, nikalichimba kwa kucha, huku nikisikia watazamaji wakianza kukohoa. Mwishowe tulikata kamba kwa kisu cha jikoni. Kijana aliporudi alinionyesha fundo lake: linabeba mzigo wote, lakini ukivuta ncha moja linaachia. Alilizoea kwenye kamba nyembamba kama uzi wa viatu, na kwenye kamba nene mikono yake ilifanya vilevile.

Uko mfano mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima, wafanyakazi wa viwandani na walimu wa shule ya msingi waliandaa tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ukumbi hawakuwa nao. Walianza kwa kupanga njiti za kiberiti kwenye uwanja mtupu, mfano wa jukwaa na viti, kisha wakajenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kutosha watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa wikendi, kazi za wiki zikiwa zimekwisha. Novemba mwaka huohuo serikali ilizuia maonyesho, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Nami kila nikikisoma kisa hiki nasimama kwenye zile njiti. Ni mchezo wa watoto wetu wote, kujenga nyumba kwa njiti na vijiti, na pale ukageuka ramani.

Sasa niwaambie na ugumu wake. Uraibu hauna tarehe. Onyesho lina Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Mzee mmoja alitushonea kofia kwa mkono, kitundu kwa kitundu, wiki sita, na mazoezi ya mwisho yakaanza kofia bado iko mapajani mwake. Mwongozaji alikasirika. Alisema kutoka safu ya tatu hakuna atakayeona tofauti na kofia ya mashine, na kwa macho ya watazamaji alisema kweli.

Lakini nilikuwepo mwigizaji alipoivaa. Kwa mwezi mzima alikuwa akiinamisha kichwa, na mwongozaji akimkemea. Alipokabidhiwa kofia aliizungusha vidoleni, akaitazama ndani na nje, akaivaa taratibu. Shingo ikanyooka yenyewe. Watazamaji hawakuviona vile vitundu, waliiona shingo. Tangu hapo kazi nzuri ya mkono siipimi kwa safu ya tatu peke yake. Ila mshonaji ninamtajia tarehe wiki mbili kabla, na ninampitia nyumbani kila Jumatano.

Kanzu zote mbili nazipitisha kwenu, zishikeni, zinuseni. Ya chai bado inanukia. Maji yako motoni kule uani, na kila mmoja wenu aliyekuja na kitambaa cheupe cha pamba anifuate.