Kupima Uhai wa Kiini kwa Umbali

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wazee wetu wa Kigoma,

Kiini cha atomu kikiongezewa nishati huingia katika hali ya msisimko, na mara nyingi hutulia kwa kutoa mwale wa gama. Muda wa kungoja hutofautiana mno: teknetiamu-99m, ambayo madaktari huitumia kupiga picha za mifupa, ina nusu-uhai (muda wa nusu ya viini kutulia) wa saa 6, ilhali hali nyingine huisha ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni za sekunde. Kwa muda mfupi hivyo tunapima umbali badala ya saa.

Mliokulia kando ya reli mnajua kwamba honi ya treni inayokuja husikika nyembamba kuliko ya treni iliyosimama. Zikiingia treni nyingi, kila moja ikapiga honi mara moja tu, aliyeketi stesheni ataweza, hata amefumba macho, kuhesabu zilizopiga zikiwa mwendoni na zilizopiga zimekwisha kusimama.

Nasi hupiga utando mwembamba wa metali kwa ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kutoka kwenye kichapuzi, mashine inayoziongezea kasi. Viini vilivyosisimka huchomoka kwa, tuseme, asilimia 1 ya kasi ya mwanga, vikasimamishwa na utando wa pili. Kwa kasi hiyo kiini hukata takriban mikromita 3 kila pikosekunde. Mwale uliotolewa mwendoni kuelekea kwenye kitambuzi huzidi nishati kidogo, kwa hiyo grafu huonyesha vilele viwili. Tando zikiachana mikromita 30, na asilimia 37 ya miale ikatoka kwa viini vilivyosimama, basi uhai wa wastani ni pikosekunde 10, kwa kuwa baada ya muda sawa na uhai wa wastani hubaki asilimia 37 ya viini ambavyo havijatulia. Ndiyo maana tando huvutwa zikakaza kama ngozi ya ngoma, maana joto la ayoni likizibinua hata kidogo, kipimo kimeharibika.

Kwangu mimi, ugumu hasa ni kwamba kiini hushuka ngazi kwa ngazi za nishati, kikitoa mwale katika kila hatua. Abiria wa Mwanza akichelewa kufika Kigoma, ukihesabu tangu alipoondoka Mwanza utailaumu njia yetu kwa saa alizongojea Tabora. Kwa hiyo tunahesabu viini vile tu ambavyo mwale wao wa ngazi ya juu umenaswa ukitoka mwendoni, kwa kuwa hivyo tuna hakika vilikwisha kuingia katika ngazi tunayoipima kabla ya kusimama.