Noti Fupi Inayowanyima Watu Kazi: Mhadhara kwa Wapigaji Chelo

Wanafunzi, na wazazi mliowasindikiza, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu bado halijawaingia. Mtu anasoma chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, miaka kumi na tano, konseto ya mtunzi Dvořák (utungo wa chelo na okestra) anaimudu, anapanda ndege kwenda kwenye usaili wa okestra, na baada ya dakika tano anaambiwa asante, kwaheri. Hakuangushwa na Dvořák. Ameangushwa na noti moja fupi iliyomo katika sehemu ya pili ya Simfonia ya 5 ya Beethoven.

Usaili mnaujua: namba badala ya jina, na pazia kati yako na wasikilizaji. Okestra ya Boston ilianza kutumia pazia mwaka 1952, na baadaye ikaonekana hata viatu vinamsema mtu kama ni mwanamke au mwanamume, kwa hiyo sakafuni huwekwa zulia. Ukiwa na swali, unamnong'oneza msimamizi, yeye ndiye anayeliuliza. Nyuma ya pazia wamekaa wanamuziki wenyewe wa okestra, na kipande hichohicho wameshakisikia mara arobaini tangu asubuhi. Sauti yako tamu hawana haja nayo bado. Wanasikiliza mambo mawili: mapigo, na kama noti zimekaa mahali pake. Utamu utapimwa raundi ya mwisho, kama utafika.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Viola (fidla kubwa kidogo kuliko ya kawaida) na chelo wanaanza pamoja, polepole, kwa upole, huku besi kubwa zikidonoa nyuzi chini yao. Beethoven ameandika kipimo cha tatu kwa nane, yaani mapigo matatu katika kila kipimo, na mwendo wa mapigo 92 kwa dakika. Ndani ya pigo moja kuna noti ndefu na noti fupi. Ligawe pigo hilo mafungu manne: ndefu inachukua matatu, fupi inachukua moja. Kwa mwendo ule, noti fupi inadumu kama sekunde 0.16. Wanafunzi wanafanya nini? Wanagawa kwa tatu: mbili kwa ndefu, moja kwa fupi. Noti fupi inakuwa ya sekunde 0.22, na inaingia mapema.

Kwa nini kosa hili linawapata hata wenye vipaji? Kwa sababu kipimo chenyewe kina mapigo matatu. Mwili unayumba moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na ukishazoea tatu unataka kila kitu kiwe tatu, hata ndani ya pigo. Sababu ya pili iko mkono wa kulia. Noti ndefu mnailisha upinde mwingi mno, mkono unaona ncha inakaribia, unaogopa, unairukia noti fupi kabla ya wakati wake na kuipiga kwa kishindo. Noti ndefu ipewe upana wa kiganja, fupi upana wa vidole viwili, na uzito wa mkono usibadilike kati yao.

Dawa yake ni hii. Weka metronomu, kile chombo kinacholia kwa kasi unayoichagua, kwenye milio 160 kwa dakika, hesabu milio minne kwa kila pigo: noti ndefu milio mitatu, fupi mlio wa nne. Huo ni mwendo wa 40, nusu ya unaotakiwa hata haufiki. Kaa hapo siku tatu. Panda kidogo kidogo mpaka 208. Kisha shuka kwenye 104, sasa ni milio miwili tu kwa pigo, upande tena mpaka 184. Hapo umefika 92 ya Beethoven. Mwisho acha mlio mmoja tu kwa kipimo kizima, karibu 31 kwa dakika, ujirekodi na simu. Ukiisikiliza rekodi, utajua ukweli kabla hujalipa nauli.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: muziki ni hisia, metronomu inaua hisia. Ndugu yangu, chelo ni kumi, viola ni kumi na mbili, mstari ni mmoja. Kila mmoja akija na hisia yake kwenye noti ile, tofauti ni sehemu ya ishirini ya sekunde tu, lakini ukumbi mzima utasikia ukungu. Na ninyi mliokulia kwenye taarab ya Unguja, mnajua chelo na fidla za firqa, yaani kundi la wapigaji, zinavyopita kwenye wimbo mmoja, kila mpigaji na nakshi yake. Pale ndiyo uzuri wenyewe. Huku si mahali pake, na kuhamisha desturi ya nyumba moja kwenda nyingine ndiko kunakowagharimu.

Halafu sauti yenyewe. Kipande kiko kwenye skeli, yaani ngazi ya noti, ya A-flati (A iliyoshushwa nusu hatua). Katika nyuzi zenu nne, C na G tu ndizo zilizomo kwenye skeli hiyo. D na A ziko nje. Kwa hiyo noti mnayoitegemea kuliko zote, A-flati, haina uzi wazi, usiobonyezwa kwa kidole, wa kuipima. Ipimeni kwa C, taratibu, kila siku.

Muda unanikimbia. Mkishapata kazi kuna kipindi cha majaribio, mwaka au zaidi, na hapo mnapimwa kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Wawili mnakaa kwenye stendi moja. Aliye upande wa watazamaji haachi kupiga. Aliye ndani ndiye anayefunua ukurasa, kwa hiyo akunje pembe ya karatasi kabla ya onyesho. Chelo zikigawanywa mistari miwili, aliye upande wa watazamaji anachukua wa juu. Mwelekeo wa upinde unaamuliwa na kiongozi wa chelo, unapitishwa nyuma stendi kwa stendi, na unaandikwa kwa penseli laini. Kalamu ya wino marufuku: wiki ijayo mwelekeo utabadilika, na karatasi nyingine za muziki ni za kukodi.

Masikio: msione haya kuvaa vizibo tarumbeta zikiwa nyuma yenu. Mwaka 2018 mahakama mjini London ilimpa ushindi mpiga viola aliyeumia masikio kazini. Uingereza, kelele ya wastani wa desibeli 85 kwa siku inamlazimu mwajiri kuwakinga wafanyakazi. Singa za upinde, mgongo, tiketi ya kiti cha pili cha ndege kwa ajili ya chelo, hayo tuyaache kwa kikao kingine.

Toeni vyombo. Sehemu ya pili, tangu mwanzo. Metronomu kwenye 160.