Mgonjwa wa Parkinson atembee kwa kasi gani?

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu mliotoka zahanati za hapa Mtwara, habari za asubuhi.

Mzee akianza kutetemeka mkono na kuburuta mguu, nyumbani huambiwa apumzike. Kama ni Parkinson, ushauri huo unamzidishia. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zinakufa, mwili unakakamaa, hatua zinafupika. Mazoezi hayazifufui, ila yanaulinda mwendo uliobaki, mradi yawe na nguvu ya kutosha.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, akiwemo mtaalamu wa tiba ya viungo Margaret Schenkman, walitoa matokeo ya wagonjwa 128 ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga na hawajaanza dawa. Kundi moja lilitembea kwenye mashine hadi mapigo ya moyo yakafika asilimia 80 hadi 85 ya kiwango cha juu, la pili asilimia 60 hadi 65, la tatu likaendelea na maisha yake. Baada ya miezi 6, alama za ugonjwa, ambazo zikipanda hali imezidi kuwa mbaya, za kundi la kwanza zilipanda kwa 0.3 tu, za kundi la tatu, 3.2. La pili halikufikia kipimo walichojiwekea. Ni utafiti wa awamu ya 2, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini matembezi ya kujivuta siyategemei tena.

Mashine hatuihitaji. Mwenye miaka 60: 220 toa 60 ni 160, ndicho kiwango cha juu cha mapigo kwa dakika, na asilimia 80 yake ni 128. Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15. Yakifika 32, amefika. Anayemeza atenolol, dawa ya presha, mapigo yake hayapandi vizuri, basi sikiliza pumzi: aseme maneno machache, asiweze kuimba. Moyo na presha vipimwe kwanza, na kasi ipandishwe wiki hadi wiki mpaka afikishe dakika 30, siku 4 kwa wiki.

Anayetumia levodopa, dawa ya Parkinson, afanye mazoezi dakika 45 hadi 60 baada ya kumeza. Aimeze nusu saa kabla ya kula, maana protini ya samaki na kunde hugombea njia moja na dawa.

Maji yakipwa, mchanga mgumu wa ufukweni ni uwanja mzuri. Ule tifutifu wa juu unashika mguu. Chora mistari kwa fimbo kukatisha njia, sentimita 50 kati ya mmoja na mwingine, au pungufu kwa mfupi. Avuke kila mstari kwa kutanguliza kisigino. Ubongo umepoteza mwendo wa kujiendea wenyewe, na macho yanampa njia nyingine. Kandambili na kikoi kinachoburuza avue kabla.

Miguu hupenda kuganda mlangoni. Jamani, msimvute mkono! Kifua kitatangulia, nyayo zitabaki, ataanguka. Asimame wima, ahamishie uzito mguu huu na huu mara tatu nne, kisha atoe hatua moja kubwa. Akigeuka, azunguke kwa upana, asijipinde juu ya mguu mmoja.

Na msichanganye magonjwa. Mwenye ALS, ambaye neva zinazoamrisha misuli ndizo zinazokufa, asipewe kasi hii. Uchovu ukiendelea hadi kesho yake, mmezidisha: punguzeni dakika, pumzisheni katikati.