Mwako tunauona, plazima je?

Haya jamani, leo tuongelee miako ya nyota, yaani milipuko ya ghafla ya mwanga na mionzi, na kama inaandamana na kurushwa kwa gesi ya moto, plazima. Proxima Centauri ndo nyota iliyo karibu zaidi na sisi ukiacha Jua, miaka ya nuru 4.2 hivi, lakini kwa macho huioni, ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali kama Jua, uzito wake kama asilimia 12 tu ya Jua. Sasa udogo wote huo, tarehe 1 Mei 2019 teleskopu kadhaa zilikuwa zimeielekea kwa mpigo, Hubble ikiwemo, zikanasa mwako ambao kwenye urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, uliongeza mng'ao wake mara 14,000 ndani ya sekunde chache. Sekunde jamani!

Chanzo ni sumaku. Nyota ndogo kama hii gesi yake inachemka kuanzia kiini mpaka juu, huku nyota yenyewe inajizungusha, basi mistari ya sumaku inasokotwa inasokotwa kama raba, ikifika mahali inakatika na kujiunga upya, nishati iliyojikusanya inaachiwa yote.

Ila watu wengi wanachanganya hapa. Mwako ni mwanga na mionzi, halafu kuna plazima, yaani gesi yenyewe inarushwa ikiwa imebeba sumaku, na hiyo ndo iliyozima umeme Quebec Machi 1989, watu milioni 6 gizani, na ilitoka kwenye Jua letu lililo pole hivi! Proxima ina sayari, Proxima b, iligunduliwa 2016, iko kama kilomita milioni 7.5 tu kutoka kwa nyota yake, kwa hiyo mimi swali langu kubwa ni plazima, inatoka kweli au ile sumaku kali inairudisha chini?

Kuiona kwenye nyota za mbali ni kazi ngumu mno. Aprili 2020 Wajapani waliiona gesi ikiruka kutoka EK Draconis, nyota changa ya aina ya Jua, kilomita 510 kwa sekunde, mwendo ambao hautoshi kuhakikisha kwamba ilitoroka. Mpaka 2025 ndo wakatangaza waliotumia LOFAR, antena za redio za Ulaya, kwamba wamenasa mawimbi ya redio ya ghafla kutoka kibete chekundu StKM 1-1262, mawimbi ya aina inayotokea plazima ikishaiacha kabisa nyota, mwendo wa kilomita 2,400 kwa sekunde, na wingu lenyewe lilikuwa zito kiasi cha kuweza kuikwangua hewa yote ya sayari iliyo karibu.