Makombe Mlangoni mwa Pweza

Mhadhara uliotolewa kwa wazazi na watoto katika uwanja wa skuli, pwani ya mashariki ya Unguja, kabla ya kuonyeshwa filamu

Assalam aleikum wazazi wangu. Shikamooni mabibi na mababu mlioketi mbele. Na nyinyi wanangu mliojaa mkekani, hamjambo?

Kiza hakijaingia sawasawa, na kile kitambaa cheupe hakitaonyesha kitu mpaka jua lizame kabisa. Nimeambiwa niutumie muda huu kusema machache.

Naanza na watoto. Nani hapa amewahi kumwona pweza? Naona mikono yote imepanda, hata ya yule mdogo aliyebebwa. Sasa, nani amewahi kumwona pweza akiwa hai majini, yuko katika shughuli zake, hajaguswa na mtu? Mmoja, wawili, watatu. Basi. Pweza tunamjua kwenye mchuzi wa nazi, tunamjua kwenye mshikaki, tunamjua anapopigwa juu ya jiwe ili alainike. Maisha yake hatuyajui. Wanaoyajua ni wachache, na wengi wao ni hawa mabibi wa mstari wa mbele. Nitawarudia.

Filamu ya leo inaitwa My Octopus Teacher, yaani Mwalimu Wangu Pweza. Ilitoka mwaka 2020, na Aprili 2021 ikapewa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi. Walioiongoza ni Pippa Ehrlich na James Reed. Mtu mtakayemwona majini ni Craig Foster, mpiga picha wa Afrika Kusini, na bahari yenyewe ni ghuba ya False Bay, jirani na mji wa Cape Town. Msitafute matumbawe kama yetu. Kule kuna mwani, lakini si huu ambao mama zenu wanaufunga kwenye kamba baina ya vijiti viwili. Ni mwani mrefu kama mnazi, uliosimama kutoka chini ya bahari mpaka juu, hata ukawa msitu. Samaki wanapita baina yake kama ndege. Na maji ni ya baridi, hushuka mpaka nyuzi 8 au 9, wakati haya yetu ni nadra kuteremka chini ya 24. Foster aliingia humo bila nguo ya mpira na bila mtungi wa hewa. Pumzi yake tu, kama wazamiaji wetu.

Alianza mwaka 2010, akiwa amechoka na kazi kiasi cha kutotaka hata kuishika kamera. Akajiwekea kwenda majini kila siku, mahali pale pale. Hapo ndipo nataka mtulie, kwa sababu ndipo ilipo siri ya filamu nzima. Mtu akenda bahari kumi tofauti ataona samaki wengi, na picha zake zitapendeza. Mtu akirudi mwamba mmoja siku mia tatu ataanza kuwatambua wakaazi wake. Atajua yupi kahama, yupi kajeruhiwa, yupi leo hana raha. Pweza wa filamu hii ni jike, na Foster alimfuata kwa karibu mwaka mzima, ambao ndio sehemu kubwa ya umri wake wote. Pweza haishi zaidi ya mwaka mmoja na kitu, akizidi sana miwili.

Siku za mwanzo pweza alimkimbia. Baadaye akazoea, akawa ananyoosha mkono mmoja na kumgusa. Siku moja Foster akaangusha kipande cha kamera. Pweza akashtuka, akalihama tundu lake, akapotea. Sasa utampata wapi mnyama asiye na mfupa, anayeweza kujigeuza rangi ya jiwe alilokalia? Chini ya ngozi yake mna vifuko vidogo vya rangi, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kina misuli ya kukivuta na kukiachia, kwa hiyo anabadilika kufumba na kufumbua. Ajabu ni kwamba jicho lake lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga. Wataalamu wengi wanasema kwamba pweza hazioni rangi zenyewe kama tunavyoziona sisi. Anavaa nguo asizoziona.

Foster alimtafuta kwa kusoma alama. Ujuzi huo aliuona miaka ya nyuma jangwani Kalahari, alipokuwa akipiga picha za wawindaji Wasan, watu wanaotazama mchanga wakakwambia nani kapita, lini, na kwa mwendo gani. Yeye akautia majini. Akatazama makombe yaliyotobolewa, magamba ya kaa yaliyotupwa, mchanga uliochimbuliwa. Siku baada ya siku akajifunza kutofautisha alama za mnyama huyu na za mnyama yule, mpaka akampata.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliisimamisha filamu. Nilimkumbuka bibi yangu. Wakati wa bamvua, maji yakishapwa, alikuwa akinishika mkono tukatembea mwambani, yeye na kijiti chake, mimi na kikapu. Alikuwa hatazami tundu. Alikuwa anatazama makombe. Akiona rundo dogo la makombe ya chaza na magamba ya kaa, meupe, bado hayajaota ukungu wa bahari, alisema, "Huyu kala usiku wa jana, yumo." Akiona yameshakuwa ya kijani alipita bila kusimama. Akikuta mawe yamepangwa mlangoni aliniambia pweza kafunga nyumba. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, na mimi niliyesomea viumbe wa baharini miaka minne nilisubiri nione kwenye kioo mambo ambayo alinionyesha nikiwa na miaka saba. Inaniuma mpaka leo kwamba sikumuuliza zaidi.

Basi mabibi, leo ninyi si watazamaji tu. Maneno ya filamu ni ya Kiingereza. Nitasimulia kwa Kiswahili juu ya picha, kama wanavyofanya wasimulizi wa vibanda vya video, lakini kuna mahali nitanyamaza niwape nyinyi kipaza sauti.

Wazazi wameniuliza kama filamu inawafaa watoto. Nimewajibu ndiyo, ila sitaki nifiche kitu. Ndani yake kuna papa mdogo mwenye milia, na anamng'ata pweza mkono hadi unakatika. Damu haitatisha, maana damu ya pweza ni ya buluu, na yeye ana mioyo mitatu ya kuisukuma. Lakini mtaona amerudi tunduni amelegea, rangi imempauka, na mtoto atauliza kwa nini yule mtu hakumsaidia. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wakubwa. Foster alimpenda, na hakumfukuza papa. Papa naye ana njaa, naye ni wa pale pale. Anayeingia kwenye msitu ule kila siku akianza kuamua nani ale na nani asiliwe, baada ya wiki hatakuwa anatazama bahari tena, atakuwa anajitazama yeye. Kila mmoja amjibu mwanawe atakavyoona. Mimi naona alifanya sawa, na naona pia kwamba ilimuuma.

Mkono uliokatika unaota upya. Kwanza kidogo kama kidole cha mtoto mchanga, halafu taratibu unakua. Na papa anaporudi mara nyingine, pweza anakusanya makombe na mawe, anajivika mwili mzima, anakuwa kama tufe. Kitakachofuata sisemi.

Nazipenda filamu za bahari, lakini ziko nyingi zinazowapa wanyama maneno ya watu, muziki ukawaamrisha watoto wacheke hapa na walie pale. Mtoto anatoka akijua alivyojisikia, hajui kaa anakula nini. Hii nayo ina muziki, na kuna pahala umezidi kwa maoni yangu, lakini inampa mtoto nafasi ya kutazama mkono wa pweza ukipapasa jiwe. Mkono huo unajua kazi yake. Sehemu kubwa ya mishipa ya fahamu ya pweza imo mikononi, wala si kichwani.

Na mwisho wake ni mauti. Jike akishataga hukaa na mayai yake, hali chochote, anayapepea maji safi mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Pweza wa aina ile hutaga mayai zaidi ya laki moja. Pweza wetu wa mwambani ni wa aina nyingine, lakini mama naye hufa vivyo hivyo. Ndiyo maana kuufunga mwamba, yaani kutomvua pweza hapo kwa miezi michache, kunaleta faida: pweza hukua upesi mno. Wavuvi wa Andavadoaka, kule Madagaska, waliufunga mwamba wao mwaka 2004, na leo hapa visiwani mwetu vijiji kadhaa vinafanya hivyo. Waliopo hapa waliowahi kuona siku ya kufunguliwa wanajua ninachosema, wanakumbuka ukubwa wa pweza wa siku ile.

Naona mtoto ameinua mkono. Sema, mwanangu. Anauliza: tukishaitazama, tutaacha kula pweza? Bibi yangu alimla maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akimtaja kwa dharau. Akimtoa tunduni alisema bismillahi, na tundu lenye mayai alilipita. Wewe tazama kwanza, kesho uniambie.

Kiza kimeshaingia. Washeni mashine. Bi mkubwa, sogea hapa karibu na kipaza sauti. Ukiyaona yale makombe, nitanyamaza, useme wewe.